Chakula Kifike Chukwani Kingali Moto

*Maswali ya wasomaji kuhusu jiko, nyumba na matumizi*

SWALI

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimehamia Unguja kikazi nikitokea Sinza, Dar es Salaam. Tumepanga nyumba Chukwani. Kazini natoka saa 11 jioni, na kuna siku nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuosha sufuria. Sinza nilizoea kuagiza chakula kwa programu ya simu. Hapa nimepakua programu mbili. Ya kwanza ina mikahawa mingi na punguzo kila wiki, lakini ama naambiwa niko nje ya eneo, ama oda inakubaliwa kisha inafutwa baada ya nusu saa. Moja niliilipia kabisa, pesa ikakaa siku kadhaa ndipo ikarudi. Ya pili ina mikahawa michache na ada ya kuletewa ni kubwa, lakini chakula kinafika. Majirani wananiambia niachane na zote mbili, nipige simu hotelini. Nishike ipi?

*Mama wa wawili, Chukwani*

JIBU

Waalaykum salaam mama wa wawili, karibu Unguja. Majina ya programu nimeyaondoa kwenye barua yako kwa sababu hizi huja na kuondoka, na ninayotaka kukueleza yatakufaa hata majina yakibadilika.

Baki na ile ya pili. Ya kwanza iache kwenye simu kwa siku utakazokuwa mjini ofisini, uagize chakula cha mchana. Majirani nao usiwapuuze, nitawafikia.

Fungua ramani, weka kidole Chukwani, uchore duara la kilomita 5. Magharibi yote ni bahari. Upande wa nchi kavu kuna uwanja wa ndege, na njia yake ya kurukia peke yake ina urefu wa kilomita 3. Hapo hakuna anayekaanga chipsi. Kinachobaki ni nyumba za watu, Baraza la Wawakilishi, na majiko machache yaliyofunguliwa kando ya barabara ya kuja Kiembesamaki. Sinza duara kama hilo limejaa majiko pande zote nne. Kwa hiyo programu iliyokufaa Sinza haikuwa nzuri kuliko hizi za hapa. Ilikuwa na majiko mengi karibu na mlango wako. Kwetu majiko mengi yamejikusanya Mji Mkongwe, Darajani, Mlandege na Michenzani, kiasi cha kilomita 10 kutoka kwako, na programu zote zinachota kwenye majiko hayo hayo. Biriani unayoiona katika programu ya kwanza na ya pili mara nyingi imepakuliwa kwenye sufuria moja.

Sasa kwa nini moja inafika na nyingine haifiki? Mtoto wa dada yangu anaendesha pikipiki ya kupeleka chakula hapa mjini, na nilipoisoma barua yako nilimuuliza yeye kwanza. Aliniambia: mama mdogo, oda ya kutoka Shangani kwenda Kikwajuni naimaliza upesi na nikifika Kikwajuni napata nyingine. Oda ya Chukwani nakwenda na chakula, narudi na sanduku tupu, na petroli ni yangu. Ada ikiwa ndogo, kijana anaitazama kwenye simu yake, anaiacha ipite. Programu inamtafuta wa pili, wa tatu, hadi mfumo unachoka na kuifuta. Hicho ndicho kilichokupata. Jiko lilikubali, chakula pengine kilishapikwa, ila hakuna aliyejitolea kukileta. Ada kubwa ya programu ya pili ndiyo inayomtoa kijana mjini na kumrudisha bila hasara. Usiione kama pesa iliyopotea.

Kwa hiyo unapolinganisha programu hapa kisiwani, idadi ya mikahawa isikuteke. Subiri saa ile hasa unayokula, tuseme saa 2 usiku, siku ya kazi. Fungua zote mbili kwa wakati mmoja, chagua chakula kile kile, uende hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Hapo ndipo jumla ya kweli inapoonekana: bei ya chakula, ada ya kuletewa, ada ya huduma, kifungashio. Kisha mpigie mwenye jiko umuulize sahani hiyo kwake mezani ni kiasi gani. Mara nyingi utakuta bei ya kwenye programu tayari imepanda, ndipo ile "ofa ya asilimia 20" ikaondolewa juu yake. Mlaji anashukuru punguzo ambalo amelilipia mwenyewe. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu wanaoumia ni watu kama wewe, wanaohesabu mshahara.

Kipimo kingine ninachokiamini ni hiki: tazama programu inafanya nini chakula kinapokwisha. Sehemu kubwa ya mchele, viazi na vitunguu tunavyokula Unguja inavuka bahari kutoka Bara, na kusi likivuma kwa nguvu majahazi hungoja. Samaki nao hawafuati menyu. Pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapokauka sana na watu wakatembea hadi mwambani. Wiki nyingine huwa adimu. Programu inayokuonyesha pweza wa nazi siku zote za mwaka haizungumzi na jiko. Inayokuandikia "leo hakuna" kabla hujalipa ndiyo ya kushika, hata kama orodha yake ni fupi. Mwezi wa Aprili na Mei utaliona hili vizuri zaidi. Masika yakianza, baadhi ya mahoteli ya Paje, Jambiani na Nungwi hufunga, na baadhi ya mikahawa ya Mji Mkongwe inayotegemea wageni hufunga pia au hupunguza saa. Programu yenye picha nyingi utaikuta inaorodhesha milango iliyofungwa.

Kuhusu lokesheni, nakusihi usitegemee alama ya kwenye ramani peke yake. Mimi nakaa majumba ya Michenzani. Jumba moja ni refu mno, alama inaangukia katikati yake, na kijana asiyejua ngazi yangu anaweza kuzunguka hadi supu ikapoa. Kwa hiyo mimi huandika namba ya jumba, ngazi ya ngapi ukihesabu kutoka upande upi, na ghorofa. Waliopo Mji Mkongwe wana shida yao, kuta ndefu na vichochoro vinaichanganya simu, na kwingine pikipiki haipiti kabisa. Wao wakubaliane na kijana mahali pa kukutana, msikitini, dukani au kwenye baraza inayojulikana. Wewe wa Chukwani andika alama ambayo mtu anaiona usiku: geti la rangi gani, duka gani lina taa, kona ya ngapi ukitokea barabara kuu. Andika mara moja, ihifadhi ndani ya programu. Kisha simu yako iwe hewani.

Nije kwenye chakula chenyewe, maana kwa umbali wako hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kubishana programu ipi. Kuna vyakula vinavyosafiri na vyakula visivyosafiri.

Urojo uliochanganywa usiuagize kutoka mjini mpaka Chukwani. Bhajia na kachori zitakunywa ule mchuzi wa ukwaju zote njiani, na chipsi za muhogo zitalainika. Andika kwenye nafasi ya maelezo: urojo wa moto kwenye kopo lake, bhajia, mishkaki na viazi kwenye kifungashio kingine, chipsi za muhogo kavu peke yake, chatine na pilipili pembeni. Ukifika, mimina mwenyewe. Utakula urojo kama uliousimamia pale pale kwa muuzaji. Jiko linalokataa kufanya hivyo si jiko la kuagizia mbali.

Chipsi mayai zinasafiri kuliko chipsi kavu, maana chipsi kavu zikifungiwa kwenye kontena la plastiki zinatoa mvuke na kulainika. Mwambie mpishi aache mfuniko wazi kidogo. Biriani ni msafiri mzuri sana, kwa sababu wali na masala yake huwekwa mbalimbali tangu jikoni. Omba tu yasifunikwe pamoja. Pilau pia, ila kachumbari ije kwenye mfuko wake. Mikate ya kumimina na mkate wa ufuta hufika salama na unaweza kuupasha juu ya kikaango. Mishkaki na kuku wa kuchoma hufika vizuri ukikubali kuwa havitakuwa vikavu kama vilivyotoka jikoni.

Penye hatari ni wali wa nazi, mchuzi wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi katika joto letu huchacha upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kinachotakiwa kuliwa cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60. Hizo saa 2 hazianzi chakula kinapofika mlangoni kwako. Zinaanza kilipotolewa jikoni, na kama jiko lilipakua mapema likamngojea kijana ambaye hakuja, saa moja imeshaondoka. Kwa hiyo chakula cha nazi kikifika vuguvugu, kipashe hadi kichemke kabisa kabla ya kumpa mtoto. Kikiwa na harufu ya uchachu, piga picha, toa taarifa, ukimwage. Usimuonee haya mtu yeyote katika hilo.

Pesa. Programu ikikuruhusu kulipa baada ya kupokea, chagua hivyo mpaka utakapoiamini, na uwe na chenji au umuombe kijana lipa namba. Ukilipa mbele kwa simu, ujumbe wa muamala usiufute, maana ile namba ya kumbukumbu ndiyo ushahidi wako. Oda ikifutwa, piga picha ya ukurasa unaosema imefutwa, saa ikionekana, uitume huduma kwa wateja siku ile ile. Pesa iliyokaa siku kadhaa ni kero niliyoisikia kwa wasomaji wengi, na wanaorudishiwa haraka ni wale wenye vitu hivi viwili mkononi.

Lakini salio usiweke ndani ya programu kamwe, hata wakikuahidi zawadi. Programu ya chakula ya Jumia Food ilifunga mwishoni mwa Desemba 2023 katika nchi 7 kwa pamoja, Kenya na Uganda zikiwemo. Mwezi huo huo Bolt Food ikaondoka Nigeria na Afrika Kusini. Hiyo ni miji ya mamilioni ya watu, Nairobi, Kampala, Lagos, Johannesburg, na makampuni yenye fedha nyingi yaliona hesabu haziwatoshi. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu wasiofika 900,000. Programu ya kisiwani inaweza kuwa nzuri leo na mwakani isiwepo. Itumie, ilipe, usiifanye kibubu.

Sasa majirani zako. Wana haki katika mambo matatu. Ukiwa na jiko moja unalolipenda na namba yake unayo, simu ni nafuu na mpishi atakuambia ukweli: leo kuku kaisha, chukua nyama. Ukiwa na shughuli, watu kumi na kuendelea, usipitie programu. Zungumza na mpishi siku moja kabla. Na mwezi wa Ramadhani simu inashinda kabisa. Futari yote ya mji inatakiwa ndani ya nusu saa moja kabla ya adhana ya magharibi, barabara ya Kiembesamaki imejaa, na huyo kijana wa pikipiki naye ana swaumu na anatamani kufuturu na mama yake. Ukitaka tambi, sambusa na uji ufike Chukwani kwa wakati, agiza asubuhi kwa simu, uletewe mapema kidogo kabla barabara haijajaa. Ule uji utaupasha.

Programu inawashinda majirani pale ambapo hujui mtu, pale usiku unapokuwa mkubwa, na pale panapotokea ugomvi. Ukipiga simu ukaletewa mbuzi badala ya kuku, ni neno lako na la mpishi. Kwenye programu oda imeandikwa. Pia mwanamke aliye peke yake nyumbani na watoto anaona jina la kijana na namba ya pikipiki kabla hajafungua geti, na kwangu mimi hilo lina thamani kuliko punguzo lolote.

Jambo la mwisho kwako. Kijana akifika Chukwani usiku wa mvua, mpe chochote juu ya ada, hata kama ni kidogo, na umkumbuke kwa jina. Wanaokwenda njia yako ni wachache, na wakishakujua kuwa mlango wako haucheleweshi na haugombi, oda yako haitapita mbele ya macho yao bila kuchukuliwa. Hilo mtoto wa dada yangu ameniapia.

SWALI

Dada yangu, mimi ni mpishi wa nyumbani, Magomeni ya hapa Unguja. Napika pilau siku za kazi na biriani Ijumaa, watu wanakuja na mabakuli yao au natuma mwanangu. Amenijia kijana wa programu moja, anataka niingie. Wao watachukua asilimia 25 na wananitaka nitoe ofa ya asilimia 10 mwezi wa kwanza. Anasema nitauza mara mbili. Niingie?

*Mpishi wa Magomeni*

JIBU

Mpishi mwenzangu, chukua kalamu kwanza, tuhesabu pamoja. Tuseme sahani yako ni shilingi 8,000. Nyama, mchele, mafuta, viungo na gesi vinakula 5,000. Ukiuza kwa mteja mwenye bakuli lake, unabaki na 3,000. Ukiuza kwa programu unahitaji kifungashio na kijiko, tuseme 400, unabaki na 2,600. Asilimia 25 ya 8,000 ni 2,000. Kilichobaki ni 600.

Sasa toa ile ofa ya asilimia 10. Bei inakuwa 7,200, wao wanachukua 1,800, mkononi zinakuja 5,400. Gharama zako ni 5,000 na 400. Umebaki na sifuri. Ukiuza mara mbili ni sifuri mara mbili, na mgongo unauma mara mbili. Mwezi mzima utakuwa umewapikia watu bure, na jasho lako ndilo limelipia tangazo la programu.

Wapishi wengi husema basi napandisha bei kwa asilimia 25 nitakuwa sawa. Haiko hivyo. 8,000 ukiongeza robo yake ni 10,000. Wao wakichukua robo ya 10,000, ambayo ni 2,500, unapokea 7,500, si 8,000. Ili upokee 8,000 zako kamili inabidi uandike kama 10,700. Ndipo ujiulize: mtu wa Mpendae au Kilimani atalipa 10,700 na ada ya kuletewa kwa pilau yangu? Wapo watakaolipa, hasa wafanyakazi wa ofisini wasiotoka mchana. Lakini usianze bila kujua kama wapo.

Siwezi kukwambia usiingie. Nimeona majiko yaliyokuwa yanajulikana mtaa mmoja tu yakapata wateja wa mji mzima kwa njia hii. Ninachotaka ni uingie kwa masharti yako. Muulize yule kijana, na majibu yawe kwa maandishi: ofa inalipwa na nani, mimi au nyinyi? Mkiikata oda baada ya mimi kupakua, chakula ni hasara ya nani? Pesa zangu zinakuja kila siku au kila wiki? Mpishi anayenunua nyama Darajani kwa fedha taslimu kila alfajiri hawezi kungoja wiki mbili. Je, mkataba unanikataza kuuza kwa bei nafuu mlangoni kwangu? Hilo la mwisho lichunguze sana, maana ukikubali bei moja kote, mteja wako wa bakuli naye atalipa 10,700, na huyo atakwenda kwa jirani.

Asilimia nayo inazungumzika. Duniani kote makampuni haya hutoza kati ya 15 na 30 kwa jumla, na wanaopewa chini ni wale ambao programu inawahitaji. Katika kisiwa wanakuhitaji kuliko wanavyokuonyesha. Wageni wa mjini wanaweza kula pizza popote, ila pilau ya mtu wa nyumbani ndiyo inayomfanya mwenyeji afungue programu. Simama hapo na uombe wapunguze. Ofa ikatae kwa upole.

Ukiingia, weka vyakula vitatu tu ambavyo huwezi kuvikosa. Biriani iandike Ijumaa peke yake. Ikiisha, funga sufuria na ufunge oda kwenye simu dakika hiyo hiyo, umpe mwanao kazi hiyo moja kama wewe mikono ina mafuta. Na kabla ya lolote, nenda Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, uulize usajili wa jiko la nyumbani unavyotaka. Unayempikia jirani anakujua. Unayempikia mtu usiyemwona anastahili jiko lililokaguliwa.

Wale wateja wa mabakuli usiwaache wasimame mlangoni wakati unapakulia programu. Hao walikuwepo kabla, na watakuwepo programu ikiondoka.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Mtaani kwetu sijaona programu yoyote ya chakula. Mimi na rafiki yangu tuna pikipiki moja na tunafikiria kutafuta mtu atutengenezee programu yetu. Anataka pesa nyingi. Unatushauri nini?

*Vijana wawili, Wete*

JIBU

Marahaba mwanangu. Hizo pesa nyingi bakini nazo, nunueni sanduku zuri la kuhifadhi joto na koti la mvua.

Anzeni na namba moja ya WhatsApp na daftari. Tafuteni wapishi watatu mnaowaamini, msizidishe. Kila asubuhi waulizeni wanapika nini, muweke orodha kwenye hali ya WhatsApp saa 4, mpokee oda mpaka saa 6, mpeleke zote kwa mzunguko mmoja. Usiku hivyo hivyo. Kupeleka sahani moja moja kila mtu anapoamka na njaa ndiko kunakomaliza petroli. Kupeleka sita kwa njia moja kunalipa, na katika mji mdogo watu wako tayari kula kwa saa iliyopangwa wakijua chakula kitafika.

Ada iwe ya maeneo, iandikwe, isibadilike kwa sura ya mtu. Chake Chake msiahidi kufika. Ni kama kilomita 30, na chakula cha moto hakingoji. Msichukue asilimia kwa mpishi miezi ya mwanzo. Chukueni ada kwa mlaji, na kila jioni mlipeni mpishi pesa yake yote kabla hamjagawana yenu.

Daftari likijaa na mkaanza kusahau oda, niandikieni tena, tutazungumza habari ya programu.